Wageni wa Mzee Mafabi

Ijumaa, 18 Novemba 2022. Nalufenya, Jinja

Nimemaliza shule. Mtihani wa mwisho wa Senior Four umepita, sare nimempa binti wa jirani yetu kule Walukuba, na leo mama amenileta kwa Senga Bushira, dada yake baba, nimsaidie kazi mpaka matokeo yatoke. Senga ana nyumba ya wageni hapa Nalufenya: vyumba vinane, kibaraza kirefu, na bustani inayoteremka. Mto Nile hauonekani kutoka hapa, ila asubuhi, kabla ya bodaboda kuamka, ukinyamaza unausikia.

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza ndiyo lugha ya nyumbani kwetu, maana mama ni wa Mombasa. Baba alimpata huko akiendesha malori. Pili, Senga anakijua Kiswahili cha kumfukuza mtu langoni tu. Kukisoma hawezi.

Kabla ya korona nyumba hii ilijaa wazungu waliokuja kuteremka mto kwa maboti ya mpira. Picha zao ziko ukutani, wote wamelowa na wanacheka. Halafu ikaja miaka miwili ya lango kufungwa. Mwaka huu walianza kurudi mmojammoja, na sasa kuna habari za Ebola. Kikundi cha Waholanzi waliokuwa waje Krismasi wamefuta safari.

“Nimengoja vya kutosha,” Senga alimwambia mama. “Mwaka ukiisha hivi hivi, Januari nampa Surjit nyumba aifanye godauni.”

Bwana Surjit ni jirani wa ng’ambo ya barabara, muuza sementi na mabati. Mzee Mafabi, mpishi, aliyasikia hayo kutoka jikoni. Kisu chake kilisimama kidogo, halafu kikaendelea na viazi.

Jumamosi, 19 Novemba

Mvua. Nimekunja mashuka ambayo hakuna aliyeyalalia.

Jumatatu, 21 Novemba

Bwana Surjit alikuja na futi ya kupimia. Ana kilemba cha buluu na sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya kelele za malori. Alipima chumba cha mbele, akapiga ukuta kwa kiganja kama anayenunua ng’ombe.

“Hajati, hapa mifuko itapanda mpaka darini,” alimwambia Senga. Aliponiona mlangoni akacheka. “Na huyu binti anaongea, au naye ni wa kuweka stoo?”

Nilikimbilia jikoni. Simpendi. Anatembea ndani ya nyumba ya Senga kama tai anayesubiri ng’ombe afe.

Alhamisi, 24 Novemba

Redioni wanasema kila siku kwamba Waganda nasi tuitembelee nchi yetu, kwamba tukiwangoja wageni wa nje peke yao tutalala njaa. Nilimwambia Senga tujaribu. Ilinichukua siku nzima kulitoa neno hilo, na nililitoa nikiwa nimeinama nafagia.

“Waganda?” Senga alisema. “Mganda alipe alale Jinja wakati ana shangazi Jinja?”

Lakini hakukataa. Nimepiga picha bustani na kibaraza, nikaziweka kwenye WhatsApp. Kwa simu ninaweza kusema na watu mia moja, mradi tu wasinisikie.

Jumamosi, 26 Novemba

Wamekuja! Chama cha akina mama wanaouza nguo sokoni Kampala, wanaofanya matembezi yao ya kumaliza mwaka. Mwenyekiti wao anaitwa Gorreti, mwanamke mpana mwenye miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Senga alivaa gomesi, vazi lake refu la sherehe. Mzee Mafabi alitengeneza kila kitu kama zamani.

Nimechoka. Kesho nitaandika.

Jumapili, 27 Novemba

Ilikuwa aibu.

Asubuhi tuliwapa pankeki ndogo za ndizi, kipande cha papai, na kahawa isiyo na maziwa. Walikula kwa dakika chache, wakakaa wakitazama mlango wa jikoni. Mama Gorreti akauliza kwa upole, “Hajati, hiki tulichoonja ni kizuri. Sasa chakula kinakuja saa ngapi?”

Hicho ndicho kilikuwa chakula.

Waliuliza televisheni iko wapi, maana ni Kombe la Dunia. Hatuna, wazungu walitaka kimya. Waliuliza muziki. Hatuna. Waliuliza kwa nini wamewekewa bembea za wavu mitini. “Mimi nalala chini ya mti kama niliyefukuzwa na mume?” mmoja alisema, na wenzake wakacheka hadi wakashikana. Senga aliwaeleza habari za mzungu aliyekuja kutafuta chanzo cha mto. Mama Gorreti akapiga miayo, akajifunika mdomo.

Saa sita walihamia mahali pengine penye spika kubwa na kuku wa kuchoma. Mama Gorreti alimshika Senga mkono langoni. Hakuwa na hasira.

“Nyumba yako ni nzuri. Lakini niambie ukweli, mama. Ulikuwa unatungoja sisi, au ulikuwa unamngoja mtu mwingine?”

Senga amekaa kibarazani jioni yote, akitazama zile bembea.

Jumanne, 29 Novemba

Mvua tena. Senga amesema lile la Waganda tusilitaje.

Ijumaa, 2 Desemba

Simu ya nyumba imelia na Senga alikuwa msikitini. Mzee Mafabi alikuwa sokoni. Niliiacha ikalia ikakatika. Ikalia tena. Nikaipokea.

Alikuwa mwanamke, akiongea kwa haraka, nyuma yake kuku wakilia. “Hapo ni kwa Mafabi? Mwambie tunakuja Jumamosi ya wiki ijayo kutoka Mbale. Watu thelathini, labda arobaini. Atayarishe uwanja.”

Nilitaka kuuliza ni akina nani. Nilitaka kuuliza mtalala siku ngapi. Nikaishia kusema tu, “Ndiyo, mama. Karibuni,” akakata.

Senga aliporudi nikamwambia: wageni thelathini kutoka Mbale, Jumamosi. Akanitazama kama niliyeokota almasi. Amenikumbatia! Senga huwa hakumbatii mtu. “Thelathini! Mastula, na hukuwakimbia!”

Jumamosi, 3 Desemba

Mzee Mafabi alipoambiwa aliuliza jambo moja tu. “Aliyepiga alikuwa mwanamke? Alitaja uwanja?”

Nikasema ndiyo. Akakaa juu ya gunia la makaa, mikono magotini. Nilidhani anaogopa kazi.

Jumanne, 6 Desemba

Moroko wamewatoa Hispania kwa penalti! Msikitini watu walikuwa wanapongezana kama siku ya Idi.

Tuliitazama hapa hapa, kwenye televisheni ya Bwana Surjit. Senga alimwomba ya kuazima kwa ajili ya wageni wa Jumamosi, naye akaibeba mwenyewe kuvuka barabara katika manyunyu, akaifunga ukutani, akapanda juu ya kochi kushika antena. “Wageni wakija wengi, Hajati, mimi godauni nitajengea juu ya mti,” alisema. Nilicheka. Kisha nikakumbuka kwamba simpendi.

Senga pia amenunua masufuria makubwa na mafungu ya matoke. “Pankeki hakuna,” alimwambia Mzee Mafabi. “Watakula mpaka waombe msamaha.” Yule mzee akaitikia, “Ndiyo, Hajati,” bila kuinua macho.

Alhamisi, 8 Desemba

Sasa najua, na heri nisingejua.

Nilimkuta Mzee Mafabi nyuma ya jiko akimlisha mbuzi majani. Mbuzi! Amemnunua kimya kimya na kumficha kwenye banda la kuni. Akanieleza yote, akisema polepole kama anayenihesabia dawa.

Huu ni mwaka wa imbalu, tohara ya Wagisu, na ni wa kwanza wenye shangwe kamili tangu korona. Kijana anayekwenda kukatwa anaitwa umusinde. Kabla ya siku yake huzunguka kwa jamaa zake akicheza na ngoma, amefunga njuga mapajani, akiwaalika. Na kuna mlango mmoja asioweza kuuruka: wa khotsa, yaani mjomba, kaka wa mama yake. Asipocheza uwanjani kwa mjomba, ni kama ana mguu mmoja.

“Wamboga ni mtoto wa dada yangu Nambozo,” alisema. “Aliyepiga simu ni Nambozo. Hao thelathini si watalii, Mastula. Ni umusinde wangu na watu wake.”

“Kwa nini hukumwambia Senga?”

“Nimwambie nini? Tangu ujana wangu ninapika nyumba za watu. Uwanja wangu uko wapi? Mimi ni mjomba mwenye chumba kimoja nyuma ya jiko.”

Kwa hiyo kosa ni langu. Ningeuliza swali moja tu kwenye simu.

Ijumaa, 9 Desemba

Nimemwambia Senga. Nilisimama mbele yake baada ya swala ya Ijumaa, nikasema yote bila kuinama. Sauti yangu ilikuwa ndogo lakini haikukatika.

Hakunifokea. Ingekuwa afadhali. Aliweka kikombe chini, akasema, “Kwa hiyo hakuna wageni.”

“Wapo, Senga. Ila ni wa Mzee Mafabi.”

“Watu arobaini wenye ngoma katika bustani yangu. Miaka yote nimewaambia wazungu hapa ni mahali pa utulivu.” Alicheka bila furaha. “Kesho lango linafungwa. Wakamchezee mahali pengine. Na Surjit mwambieni asingoje Januari.”

Mzee Mafabi amefungasha begi lake. Lilikuwa jepesi, alilibeba kwa vidole viwili. “Umusinde akikuta lango la mjomba limefungwa,” aliniambia, “mimi nimeacha kuwa mjomba. Sasa nibaki hapa kama nani?”

Jumapili, 11 Desemba

Nitaandika ya jana yote, hata mkono ukiuma.

Asubuhi kulikuwa na manyunyu. Senga alitia kufuli langoni, akaweka funguo kwenye mkoba wake, akakaa kibarazani na tasbihi. Mzee Mafabi alikaa mlangoni pa jiko, begi miguuni, mbuzi kando yake. Mimi nilisimama katikati, sina upande.

Ngoma zilisikika kutoka barabara kuu. Kwanza nilidhani ni mikutano ya siasa, kisha zikawa karibu na zikawa kadodi, ngoma za Wagisu. Hakuna mtu Jinja asiyeijua kadodi; tunaisikia kwenye harusi, kwenye kampeni, kila mahali. Lakini sikuwahi kuisikia ikija kwa mtu mmoja. Njuga zikaingia kati ya ngoma, cha-cha-cha, na basi dogo likasimama langoni kwetu, watu wakimwagika kabla halijatulia.

Wamboga alikuwa mbele. Kijana mrefu, labda ananizidi mwaka mmoja, amepakwa unga wa ulezi usoni na kifuani, shanga zimepishana kama mikanda, fimbo mbili mkononi. Aliliona kufuli. Sote tulimwona akiliona. Hakusimama. Akaanza kuchezea hapo hapo barabarani, mbele ya lango, mvua ikichora mistari kwenye ule unga, akiita, “Khotsa! Khotsa wange!”

Mzee Mafabi aliinama akafunika uso.

Waendesha bodaboda walisimamisha pikipiki. Watoto wakaja. Maofisa wawili wa jeshi waliokuwa wakielekea chuo chao cha Kimaka wakashusha kioo cha gari. Ng’ambo ya barabara mlango wa Bwana Surjit ukafunguka, akatoka mama yake, Mama Navjot, bibi mdogo mwenye shali nyeupe na fimbo, ambaye tangu nije sikuwahi kumwona nje. Surjit alimkimbilia na mwavuli. Bibi akausukuma mwavuli.

Alipenya katikati ya wachezaji hadi langoni, akagonga kufuli kwa fimbo yake.

“Bushira! Wewe, Bushira! Mimi nimezaliwa Mbale. Baba yangu alikuwa na duka pale chini ya mlima. Tulikuwa watoto, tulikimbia nyuma ya hawa mpaka viatu vinapotea. Tangu sisi Wahindi tufukuzwe nchini sijaziona njuga hizi kwa macho yangu, na wewe umezifungia nje?”

“Mama Navjot, utalowa!” Senga alisema akisimama.

“Nimeshalowa.”

“Utashikwa na kifua. Rudi ndani.”

“Nitashikwa na kifua hapa hapa langoni kwako, na mji mzima utajua nilikufia wapi.”

Watu walicheka. Senga alimtazama mwanamke mwenye umri wa mama yake amesimama kwenye mvua mbele ya nyumba yake. Nilimwona akishindwa. Kumwacha mzee mvuani haiwezekani, kwetu haiwezekani kabisa. Akafungua mkoba, akashuka ngazi haraka, akafungua kufuli. “Ingia wewe, Mama,” alisema.

Mama Navjot akaingia, na nyuma yake wakaingia wote.

Ndipo Mzee Mafabi akasimama. Sikuwahi kumwona mtu akirefuka namna ile. Aliyekuwa akisema “ndiyo, Hajati” bila kuinua macho alitembea hadi katikati ya bustani, akamnyooshea Wamboga kidole, akaanza kumfokea kwa ngurumo.

“Nani amekuleta hapa? Rudi! Rudi kwa mama yako ukanyonye! Ukoo wetu hauna mtu anayepepesa jicho. Wewe unatetemeka, nakuona! Toka uwanjani kwangu!”

Wamboga alizidi kucheza. Mzee akazidi kufoka. Mimi nilijua kutoka kwa maelezo yake kwamba hivi ndivyo mjomba anavyompima kijana. Senga hakujua. Alipasua umati kwa viwiko, gomesi imekamatwa mkononi, akasimama kati yao.

“Mafabi!” alipiga kelele. “Una wazimu? Mbona unamfukuza mgeni wangu?”

Ngoma zilinyamaza. Nambozo, mama yake Wamboga, ndiye aliyeanza kucheka, akajishika tumbo, akaketi kwenye majani. Kisha wote. Mzee Mafabi mwenyewe alicheka huku machozi yakishuka. Hata Wamboga, ambaye hatakiwi kucheka, alilazimika kuwapa watu mgongo.

“Hajati,” Mzee Mafabi alisema alipoweza, “simfukuzi. Ninampenda.”

“Basi kwenu kupendwa ni kazi,” Senga akajibu. Nadhani ndipo aliposikia alichokisema mwanzo: mgeni wangu. Akageuka. “Mastula! Masufuria!”

Mzee Mafabi alimkabidhi Wamboga yule mbuzi mbele ya watu wote, kwenye uwanja ambao hakuna aliyeuliza ni wa nani. Wageni walikuwa wamekuja na mikungu ya matoke na malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, na yakipikwa na karanga yana harufu ya msituni. Senga alipika pilau. Jioni tulitazama Moroko wakimpiga Ureno, na goli lilipoingia ngoma zililia ndani ya sebule. Picha za wazungu zilicheza ukutani. Bwana Surjit alicheza pia, kwa mabega tu.

Leo asubuhi walitaka kuona Nile inapoanzia. Wengi wao hawakuwahi. Wanaishi safari ya nusu siku kutoka hapa! Nambozo alisimama penye mawe, akachota maji kwa kiganja akanawa uso. “Ndiyo haya yanayokwenda Misri?” aliuliza, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa karibu, nilimjibu mimi. Akauliza tena, nikajibu tena. Nilijikuta namweleza hadi mahali maporomoko yalipozama bwawa lilipojengwa. Aliniuliza tu kwa sababu alitaka kujua.

Walimu wawili wa ukoo wao waliolala vyumbani walilipa bila kuombwa. Wengine walilala sebuleni kwenye mikeka, wakaacha kuku.

Begi la Mzee Mafabi nimeliona. Liko tupu, limetundikwa msumarini.

Jumatano, 14 Desemba

Moroko wametolewa na Ufaransa. Senga alizima televisheni kabla ya filimbi ya mwisho.

Alhamisi, 15 Desemba

Video za Jumamosi zimezunguka. Wapo waliomwona Senga akiingia kati ya umusinde na mjomba wake, na watu wanauliza ni wapi hapo. Simu imelia siku nzima. Nimeipokea mara zote. Bado naogopa, lakini sasa ninauliza: ninyi ni akina nani, mnakuja kwa jambo gani, mnakula nini?

Swali la katikati ndilo kubwa. Nimelifikiria sana. Wazungu walikuja kuuona mto. Watu wetu wana sababu nyingine: kuna bibi wa kusalimu, kuna posa, kuna kijana amehitimu. Wakishafika ndipo wanauliza na mto uko wapi. Redio inatuambia tuwe watalii, lakini watu walikuwa wanasafiri siku zote, ila hakuna aliyewaita kwa jina hilo wala kuwawekea kitanda.

Jumapili, 18 Desemba

Fainali. Nyumba imejaa wanafunzi wa zamani wa shule moja ya Iganga, wanene na wenye vipara, wanaitana kwa majina ya utotoni. Mmoja alilia Argentina waliposhinda. Nadhani alikuwa amechoka tu.

Jumatano, 21 Desemba

Mvua imekata. Jua kali, nguo zinakauka upesi.

Leo Senga alikuwa na uso mgumu. “Usijidanganye, Mastula. Mzungu alikaa wiki nzima. Hawa wanalala siku moja, wanabishana bei mpaka jasho linatoka, na wanaondoka na sabuni.”

“Lakini wamesema watarudi Pasaka, Senga.”

“Watu husema.”

Bwana Surjit alikuja na futi yake. Senga ndiye aliyemwita. Kila chumba alichofungua kilikuwa na mtu anayevaa au anayenyonyesha, akaomba radhi na kufunga. Mwisho alisimama ukumbini, futi imening’inia.

“Hajati, nitapimaje?”

“Njoo baada ya sikukuu. Sijabadilisha neno langu.”

Aliponipita alininong’oneza, “Mama yangu hanisemeshi. Anasema nikiweka sementi humu atahamia Mbale.” Macho yake yalikuwa ya mtu mwenye shida nyumbani, si ya tai. Nilimpa kikombe cha chai.

Jumapili, 25 Desemba

Mama Gorreti amerudi na wenzake wote! “Nimesikia siku hizi mna televisheni na akili,” alisema langoni. Tuliwapa kiamshakinywa: matoke na ini, mihogo, chai ya maziwa. Alikula akamaliza. Kisha akaitazama bembea ya wavu kwa muda, akapanda, akalala usingizi hadi alasiri, miwani usoni. Hakuna aliyethubutu kumwamsha.

Alhamisi, 29 Desemba. Mbale

Ninaandika nikiwa nimekaa kwenye mkeka kwa Nambozo, mlimani juu ya mji. Jana ilikuwa siku ya Wamboga.

Tulikuja sote kwa gari la Bwana Surjit: yeye, Mama Navjot, Senga, Mzee Mafabi na mimi. Senga alisema anakuja kwa sababu alialikwa tu, na kwamba tukirudi ataongea na Surjit habari za Januari. Alisema hivyo Surjit akiwa usukani. Kwenye barabara ya Tirinyi nilikuwa natazama mashamba ya mpunga.

Mjini Mama Navjot alitafuta duka la baba yake. Sasa ni la dawa. Aliingia akanunua Panadol ambazo hazihitaji, apate muda wa kuitazama dari. “Ni ile ile,” alituambia alipotoka. Surjit alimshika mkono hadi kwenye gari.

Huku juu watu walikuwa wengi kiasi cha kujaza kila tuta la kahawa. Wamboga aliletwa akikimbia kutoka kwenye matope, amepakwa mwili mzima, akasimama na fimbo nyuma ya shingo, macho juu. Mzee Mafabi alisimama mbele yake. Safari hii hakufoka. Mimi nilifumba macho kabisa, sitasema uongo. Nilisikia ukimya, ukimya mzito wa watu wote wale, kisha filimbi, kisha vigelegele vilivyotoka kama ukuta umeanguka. Nilipofumbua, Mzee Mafabi alikuwa ameruka hewani, na Senga, Senga wangu, alikuwa anapiga vigelegele kuliko wenyeji.

“Hakupepesa!” alinitikisa bega. “Umeona? Mgeni wetu hakupepesa!”

Baadaye tulikaa na akina mama kula. Bibi mmoja wa ukoo, aliyekuwa hajaelewa sisi ni nani, alimuuliza Senga kwa heshima, “Na wewe, mwanangu, ni wa wapi? Unafanya nini huko?”

Senga alikuwa ameshika tonge. Surjit, upande wa wanaume, alikuwa karibu vya kutosha kusikia. Nilimwona akiacha kutafuna.

“Mimi ni Bushira wa Jinja,” Senga alisema. “Nina nyumba ya wageni.” Kisha akalisema tena kwa sauti iliyowafikia wanaume. “Nina nyumba ya wageni. Mkija Jinja, msifikie kwa mtu mwingine.”

“Hajati!” Surjit aliita, mdomo umejaa malewa. “Na sementi yangu je?”

“Nayo ina wajomba. Iende ikawatafute.”

Mama Navjot alicheka hadi akakohoa. Surjit aliinua mikono miwili kama mtu aliyekamatwa, lakini alikuwa anatabasamu, na akageuka kumwongezea Mzee Mafabi nyama. Mzee alikuwa hawezi kula. Alikuwa anamtazama Senga tu.

Akina mama walianza kuuliza wote kwa pamoja. Mmoja ana binti anayeolewa Bugembe, karibu na kwetu, mwezi wa pili. Mwingine ana kaka Walukuba hawajaonana tangu korona. Kuna maji ya moto? Mtu anaweza kuja na kuku wake? Watoto wanalala wapi?

Senga alimega tonge jingine, akanielekeza kwa kidevu. “Mimi nakula. Muulizeni huyu, yeye ndiye mwenye vyumba.”

Wakageuka wote, nyuso zote zile, wakanisubiri. Nilisogea katikati ya mkeka ili hata yule bibi anisikie, nikaanza na chumba cha mbele.